Muhuri wa Serikali Haulali Nje

Katika nchi ambayo wenyewe huiita Kwetu, na ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa kuwa kiwanda cha ramani kilifungiwa, palikuwa na mamlaka ya kila kitu. Palikuwa na Mamlaka ya Maji na Mamlaka ya Mabomba, nazo hazikuwa zikisalimiana, ndiyo maana maji yalikuwa huku na mabomba kule. Palikuwa na Mamlaka ya Kuku wa Kienyeji, na nyingine ya Kuku Wengineo. Palikuwa na Bodi ya Vivuli, iliyohakikisha kwamba hakuna raia anayejikinga jua kiholela. Wananchi wa Kwetu walifurahi sana, maana popote mtu alipogeukia alimkuta mtumishi wa umma yuko tayari kumkataza jambo, na hakuna aliyeweza kudai kwamba serikali imemsahau. Kama yupo msomaji atakayeona nchi hii inafanana na anayoijua, hayo ni matatizo ya macho, na mamlaka ya macho ipo.

Lakini iliyoheshimiwa kupita zote ilikuwa Mamlaka ya Ufungaji wa Maeneo Yasiyokidhi. Hii haikujenga, haikutibu, haikufundisha. Ilifunga. Watu wa mitaani waliiita Komeo, na gari lake lilipoonekana kona ya mtaa, wafanyabiashara waliinuka wote kwa pamoja kwa heshima, wakakimbia.

Katika mji mdogo wa Tupendane, Komeo iliwakilishwa na Bwana Gaudensi Mchopa, Mkaguzi Mfungaji Daraja la Pili. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, na shati lake la kaki lilipigwa pasi mpaka mikunjo yake ungeweza kukatia nyanya. Kitu kimoja kilimtofautisha na wenzake wote: hakula rushwa. Hilo ndilo lililowatisha watu wa Tupendane, kwa sababu mla rushwa walau husemezeka. Gaudensi alifunga bucha kwa sababu kisu kilikuwa kikali mno. Alifunga shule waliyosoma watoto wake mwenyewe kwa kuwa kengele yake ilikuwa rimu ya gari, na rimu ipo chini ya Mamlaka ya Barabara. Watoto wake walimpenda sana mwaka ule. Mwishowe alifunga jiko la nyumbani kwake, kwa kosa la moshi. Mkewe, Mama Devota, hakugombana naye. Alikusanya watoto na masufuria, akaweka kiberiti katikati ya meza kama mtu anayerudisha mahari, akaenda kwa mama yake. Tangu siku hiyo Gaudensi alikula biskuti na maji. Hakujuta. Moshi ulikuwepo kweli.

Matatizo yalianza na mbuzi.

Mihuri ya Komeo ilikuwa karatasi nyekundu zenye nembo ya taifa, na ilibandikwa mlangoni kwa nje, nusu kwenye ubao wa mlango, nusu kwenye fremu. Mbuzi wa Kwetu wakagundua kwamba gundi ya serikali ina utamu. Msimu wa mvua, zile ambazo mbuzi hawakuzifikia ziliyeyuka. Asubuhi moja nusu ya nchi iliamka ikiwa imefunguka.

Mkurugenzi Mkuu wa Komeo, Daktari Profesa Mhandisi Leonidas Kabambe, aliita wakaguzi wote makao makuu akawahutubia.

"Ndugu zangu!" alinguruma. "Muhuri ni nini? Muhuri ni uso wa dola! Je, uso wa dola unyeshewe? Ulambwe? Nasema hapana! Mbwa ndiye anayelala nje. Muhuri wa serikali haulali nje! Kuanzia leo, mihuri yote itabandikwa upande wa ndani!"

Makofi yalipigwa mpaka akatafutwa ofisa mwenye mamlaka ya kuyasimamisha.

Wakaguzi wa wilaya nyingine walisikiliza agizo hilo, wakatazamana, na kesho yake wote wakaumwa mgongo. Gaudensi peke yake alilirudia njiani kama mtu anayekariri beti za wimbo. Lilikuwa limenyooka, halina kona. Tena nafasi ya Mkaguzi Daraja la Kwanza ilikuwa wazi, yenye gari na dereva, na yeye alikuwa akizunguka mji kwa baiskeli ambayo mnyororo wake ulishikana na suruali kila Jumatatu. Alitafuta mahali pa kulitekeleza.

Akapata mgahawa wa Bi. Sikitu.

Bi. Sikitu alikuwa mjane mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Mgahawa wake ulikuwa chumba kimoja kando ya stendi, una dirisha kubwa la nondo na mlango mmoja. Zamani ulikuwa na mlango wa nyuma, uliotobolewa kwa amri ya Mamlaka ya Moto. Mamlaka ya Barabara ikauziba kwa matofali kwa kuwa ulifungukia hifadhi ya barabara. Kila moja ilimpongeza kwa utii.

Gaudensi aliingia saa ya chai, chumba kimejaa.

"Mwanangu," alisema Bi. Sikitu, mkono mmoja kiunoni na mwingine kwenye upawa, "hata shikamoo hakuna?"

"Serikali haiamkii, mama. Jina?"

"Sikitu."

"Mama, hapa inauliza dola. Huwezi kuiambia dola si kitu."

"Ndilo jina langu, baba. Mama yangu alikuwa amezaa mapacha mara mbili. Nilipokuja peke yangu, bibi akaangalia nyuma yangu, akaona hamna mwingine, akasema, 'Si kitu, mmoja anatosha.'"

Wateja wakacheka. Gaudensi hakucheka. Alisogelea sufuria kubwa, akafunua, akachungulia kwa muda mrefu.

"Kibali chako kinasema unauza supu," alisema. "Huu ni mchuzi."

"Mchuzi? Tangu lini?"

"Kwa mujibu wa sheria, supu ni kimiminika ambamo nyama huonekana. Mchuzi ni kimiminika ambamo nyama hudhaniwa. Mimi hapa nadhania."

"Koroga, baba! Nyama imeshuka chini!"

"Mkaguzi hakorogi. Mkaguzi hukagua. Mgahawa huu nimeufunga. Wote nje!"

Wateja wakatoka na bakuli zao mikononi. Bi. Sikitu yeye alikataa katakata.

"Maharage yako motoni," alisema. "Nikitoka yataungua, na yakiungua nyumba itaungua, na nyumba ikiungua utafunga nini?"

Gaudensi aliona kuna hoja. Sheria ilizungumzia kufunga mlango, haikusema lazima mwenye mgahawa awe upande gani. Akafunga mlango. Akatoa muhuri mpya, akaupaka gundi, akaubandika kwa ndani, nusu ubaoni na nusu kwenye fremu, akaupapasa kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Ukakamata vizuri, haukuwa na hata kikunjo kimoja. Akarudi nyuma hatua chache autazame, akajisikia faraja ambayo hakuwa ameisikia tangu Mama Devota aondoke.

Kisha akageuka aende zake, na alipogeuka akajikuta anatazamana na jiko. Akageuka tena. Mlango ulikuwa pale pale, umefungwa na serikali.

Maandishi ya muhuri yalikuwa makubwa na hayakuwa na utata: ATAKAYEBANDUA, KUCHANA, KULOWESHA AU KUUTAZAMA KWA DHARAU MUHURI HUU, AWE NANI, ATAFUNGWA MIAKA SABA. Yale maneno "awe nani" aliyapendekeza yeye mwenyewe kwenye semina.

"Vipi, baba?" aliuliza Bi. Sikitu, akikoroga maharage. "Mbona huondoki?"

Gaudensi alitoa simu akampigia mkuu wake wa wilaya, Bi. Perpetua.

"Mchopa! Umefunga?"

"Nimefunga, mkuu. Kwa ndani, kama tulivyoagizwa."

"Hongera sana. Wewe ni wa kwanza nchini. Sasa rudi ofisini."

"Hapo ndipo penye shida, mkuu."

Alimweleza. Zikasikika karatasi zinafunuliwa.

"Kifungu cha nne," alisema Bi. Perpetua, "kinasema Mamlaka itafunga. Nimefungua ukurasa wa pili. Kifungu cha tano kinahusu sare. Kwa kweli, Mchopa, hakuna mahali tuliporuhusiwa kufungua. Kufungua ni kazi ya Mamlaka ya Ufunguaji."

"Basi tuwaombe."

"Ofisi yao ina muhuri wetu mlangoni tangu mwaka juzi. Sijui ni nani aliyewafunga."

"Hawakuwa na ndoo ya mchanga, mkuu," alisema Gaudensi kwa sauti ndogo.

Simu ikakatika, kwa bahati mbaya, naamini.

Adhuhuri ilimkuta amekaa kwenye benchi, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Harufu ya supu ilimzunguka kama paka. Bi. Sikitu akamwekea bakuli mbele.

"Siwezi kula," alisema Gaudensi. "Hicho ni kielelezo cha kesi."

"Basi kikague."

Akakiangalia. Hilo halikuwa limekatazwa. Akakagua kijiko kimoja. Akakagua cha pili. Mama yule alikuwa amekoroga, na nyama ilikuwa imepanda juu, laini, yenye mafuta ya kung'aa. Alikagua bakuli nzima, akapangusa ukingo kwa kipande cha chapati, kisha akaomba, kwa sababu za kitaalamu, ukaguzi urudiwe.

Wakati huo huo mikono ilikuwa imeanza kupenya kwenye nondo za dirisha.

"Bi. Sikitu, mbili na maini!" aliita seremala mmoja wa jirani aitwaye Shaweji.

Gaudensi akaruka. "Mgahawa umefungwa!"

"Tunaona, afande," alisema Shaweji kwa adabu. "Muhuri umekaa vizuri kweli. Na pilipili kidogo."

Gaudensi alisimama katikati ya chumba akaipitia sheria yote kichwani. Kufunga ni kuzuia watu kupita mlangoni. Hakuna aliyepita mlangoni. Neno dirisha halikuwemo hata mara moja. Moyoni alisikia kitu kinateleza, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akaketi.

"Kama huna kazi," alisema Bi. Sikitu, "hizo bakuli haziwezi kujiosha."

"Mimi ni Mkaguzi Daraja la Pili."

"Na mimi ni mama mtu mzima, mgongo unauma. Unakula kwangu, unakalia benchi langu. Au kuna mamlaka ya kuosha vyombo?"

Ilikuwepo, lakini haikuwa na tawi Tupendane. Gaudensi akakunja mikono ya shati.

Habari zikaenea. Watu walitoka vijiji vya mbali waje wahudumiwe na mkaguzi mwenye sare. Foleni ilizunguka stendi. Wenye baa waliofungiwa walikuja, mwenye bucha alikuja, wakamwagiza kwa sauti za upole mno: "Afande, chapati hii naona haijakidhi. Nibadilishie." Siku za mwanzo masikio yalimwaka moto. Baadaye akagundua jambo la ajabu: wengi walimshukuru. Katika miaka yote ya utumishi wake hakuna mtu aliyewahi kumwambia asante akimaanisha.

Wa mamlaka nyingine nao hawakukawia. Ofisa wa Makazi alikuja dirishani akatangaza kwamba watu wawili wanaishi kwenye jengo la biashara, jambo lisiloruhusiwa, na akaagiza waondoke mara moja. Wakamwomba awatoe. Akasema yeye uwezo wake ni kuagiza tu. Wa Magereza alipima dirisha, akaeleza kwamba mtu asiyeweza kutoka ni mfungwa, ila kwa kuwa jengo halijatangazwa kuwa gereza, Bwana Mchopa anaonywa asijione mfungwa. Wa Kamati ya Staha alitaka mwanamume na mwanamke watenganishwe na ukuta. Bi. Sikitu akatundika khanga katikati ya chumba, imeandikwa JIKO LANGU WIVU WA NINI, na yule bwana akaisoma, akaandika kwamba ukuta upo, akaagiza maini.

Siku moja mchana, Gaudensi akiwa amejiinamia anasugua sukari iliyoganda kwenye sufuria ya chai, alisikia kimya dirishani. Akainua uso. Mama Devota alikuwa amesimama nje ya nondo, kikapu mkononi, anamtazama.

"Kumbe unajua kuosha sufuria," alisema.

Povu lilimtiririka Gaudensi mpaka kwenye viwiko.

"Watoto hawajambo?" aliuliza hatimaye.

"Hawajambo. Wanauliza baba yao kafungwa kwa kosa gani."

"Unawaambia nini?"

"Nawaambia hana kosa. Alitii tu." Mama Devota akaangalia pembeni. "Na nani kakufundisha kupika chapati? Watu wanasema zako ni laini."

"Mama Sikitu. Ukikanda kwa haraka zinakuwa ngumu. Unatakiwa uuache unga upumzike."

"Uupumzishe unga," alirudia mkewe. "Wewe." Akanyoosha mkono kupitia nondo, akachukua chapati moja, akaila yote amesimama pale pale. Alipomaliza akapangusa vidole. "Lile jiko la nyumbani nitalifungua mwenyewe," alisema. "Njoo unishtaki." Akaenda zake.

Bi. Sikitu, aliyekuwa nyuma ya khanga akijifanya anachambua mchele, akapiga kigelegele kifupi.

Kisha akaja Mkurugenzi Mkuu.

Alikuja na msafara, kipaza sauti, na cheti cha Mtumishi Mtiifu wa Mwaka ndani ya fremu ya dhahabu. Fremu ikagoma kupita kwenye nondo. Wakaivunja, wakakunja cheti kama kitambaa cha pua, wakakipenyeza.

"Wananchi wa Tupendane!" alinguruma Daktari Profesa Mhandisi Kabambe. "Mnamwona shujaa! Wangapi wanafunga mlango wakabaki nje, salama, wakila raha? Huyu amefunga, na amejifunga! Huo ndio uzalendo!"

"Mtoe!" walipiga kelele watu.

"Mamlaka haina uwezo wa kumtoa," alijibu Mkurugenzi kwa masikitiko makubwa. "Ila ina uwezo wa kumpongeza, na imeutumia kikamilifu."

Umati ulinung'unika kiasi cha kutikisa kipaza sauti. Mkurugenzi, aliyekuwa na mipango ya kuwa waziri, akaona afadhali shujaa atoke. Akaamuru ukuta ubomolewe, maana ukuta si mlango.

Hapo Bi. Sikitu akaweka upawa chini.

"Daktari," alisema, "mlifunga mlango, nikanyamaza. Mlango mnao. Lakini ukuta huu hamjaufunga, kwa hiyo bado ni wangu. Marehemu mume wangu aliupandisha tofali kwa tofali, kabla ya malaria kumchukua. Atakayeugusa atajua kwa nini bibi yangu alisema mmoja anatosha."

"Mama, mimi ni Mkurugenzi Mkuu!"

"Wa ufungaji. Kabomolee kwako."

Wanasheria wa msafara wakanong'onezana. Mmoja akakiri kwamba mama yuko sahihi: kubomoa ni kwa Mamlaka ya Ubomoaji, nayo haivunji kitu kisichokuwa na alama ya X, na rangi nyekundu imekwisha nchi nzima tangu uchaguzi. Shauri likapelekwa mahakamani.

Kwa kuwa mdaiwa hakuweza kwenda mahakamani, mahakama ilikwenda kwa mdaiwa. Hakimu alikuwa mzee mfupi mwenye miwani minene. Aliketi chini ya turubai mbele ya dirisha, na upepo ulikuwa ukimpelekea moja kwa moja mvuke wa sufuria. Mawakili wa Komeo walizungumza tangu asubuhi. Walieleza kwamba nguvu za Mamlaka hazina ukomo, isipokuwa nguvu ya kufungua, ambayo haina mwanzo. Jua lilipofika utosini hakimu alikuwa akilamba midomo.

"Nimesikia vya kutosha," alisema. "Sheria inakataza muhuri kubanduliwa. Usibanduliwe. Sheria inakataza mlango kufunguliwa. Usifunguliwe. Lakini mahakama imetafuta sana na haijaona mahali panapokataza mlango kuhamishwa. Mlango utolewe pamoja na fremu yake, ukiwa umefungwa vilevile, ukahifadhiwe makao makuu kwa heshima zote. Mahakama inaahirishwa, na inaagiza supu mbili."

Shaweji seremala aliifanya kazi hiyo kwa msumeno na tindo, mbele ya askari waliosimama wima. Alikata fremu kutoka ukutani pole pole, bila kugusa tofali la marehemu. Mlango ulitoka mzima, fremu, bawaba, kitasa na muhuri, haukufunguka hata unywele. Wanaume wanane waliubeba mabegani kama jeneza la mtu mkubwa, pikipiki ya polisi mbele, mpaka makao makuu. Huko ukasimamishwa katikati ya uwanja. Wageni wa serikali huonyeshwa hadi leo: mlango uliofungwa kikamilifu kuliko yote nchini, ambao unaweza kuuzunguka.

Gaudensi alisimama mbele ya lile tundu lililobaki ukutani. Hapakuwa na mtu wa kumzuia. Upepo ulimpiga usoni, na kwa kitambo kidogo aliogopa. Kisha akamgeukia Bi. Sikitu, akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya nenda, kafue hilo shati. Linanuka vitunguu."

Kazini walimpokea kwa mashaka. Bi. Perpetua alimweleza kwamba kwa kuwa muhuri haujabanduliwa, kiofisi bado yumo ndani, na hawezi kupewa kiti kwa kuwa hayupo. Alifanya kazi amesimama.

Lakini shida yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na ya Komeo. Watu wa Tupendane walikaa wakalitafakari lile tundu. Mgahawa wa Bi. Sikitu ulikuwa wazi tangu alfajiri, na hakuna mkaguzi aliyeweza kuufunga, kwa sababu sheria inafunga milango na mgahawa hauna mlango. Mwenye bucha akawa wa kwanza kung'oa wake. Akafuata muuza dawa, akafuata fundi baiskeli. Waliweka mapazia, au walipeana zamu za kulinda. Wezi nao, nasikia, walihama mji kwa aibu, maana kuingia mahali pasipofungwa hakuna ufundi. Mwezi haukuisha, Tupendane nzima ikawa haina mlango, na Komeo ikabaki na mihuri elfu kadhaa ikinata yenyewe kwa yenyewe ghalani.

Mkurugenzi Kabambe hakulala. Akazindua kampeni ya taifa: Mlango Bora kwa Kila Mwananchi. Serikali itagawa milango bure. Mlango wa kwanza ulipelekwa kwa Bi. Sikitu, wa mbao ya mninga, umenakshiwa maua, una kitasa cha shaba. Bendi ilipiga. Bi. Sikitu alifunga khanga mpya, akapokea kwa magoti, akalia machozi ya shukrani, akasema hajawahi kuona serikali yenye huruma kiasi hiki. Msafara ukaondoka umeridhika.

Juma lililofuata Gaudensi aliitwa mbele ya Mkurugenzi.

"Mchopa," alisema Kabambe kwa sauti ya baba, "yule mama sasa ana mlango. Twende ukaufunge. Ukiufunga, miji yote itajua kwamba hakuna aliye juu ya Komeo. Na jioni hii hii utakuwa Daraja la Kwanza. Gari lile pale nje, unaliona? Dereva anaitwa Msigala. Anajua hata kufungua mlango wa nyuma na kusimama pembeni."

Wakaenda pamoja, na wapiga picha.

Pale ukutani tundu lilikuwa lile lile, halina fremu wala pazia. Gaudensi aliingia. Katikati ya chumba, juu ya nguzo mbili za matofali, mlango wa mninga ulikuwa umelazwa chali. Watu waliuzunguka pande zote wanakula. Bakuli zilipangwa juu ya maua ya nakshi, zikifuka moshi. Mtu mmoja alikuwa ametundika kofia yake kwenye kitasa cha shaba. Mama Devota alikuwa ameketi upande wa bawaba na watoto, anamkatia mdogo chapati.

"Umekuja kufunga au kula?" aliuliza Bi. Sikitu.

Gaudensi alishika muhuri mkononi. Aliutazama ule mlango, na alijua ni mlango. Mtu yeyote angejua. Ulikuwa na bawaba.

"Mchopa!" Mkurugenzi aliita kutoka nje, kamera zimeinuliwa. "Bandika!"

"Mlango, kwa mujibu wa sheria," alisema Gaudensi polepole, "ni kitu kilichosimama, kinachofunguka na kufungika."

"Basi wausimamishe!"

"Juu yake kuna bakuli za watu, Mkurugenzi. Supu ni ya moto. Hatuna mamlaka juu ya bakuli."

"Mchopa, gari linakusubiri! Fikiri vizuri! Hicho ni nini hapo mbele yako?"

Hata waliokuwa na mifupa mdomoni waliacha kutafuna. Gaudensi aliangalia lile gari nje, jeusi, linang'aa, na dereva wake amesimama pembeni kama alivyoahidiwa. Akamwangalia mkewe, ambaye hakumsaidia kwa ishara yoyote, ila aliacha kukata chapati.

"Ni meza," alisema.

"Nini?"

"Ni meza, Mkurugenzi. Hapa hamna mlango. Hatuna la kufunga."

Akaukunja muhuri, akautia chini ya nguzo moja ya matofali iliyokuwa ikiyumba kidogo, meza ikatulia. Kisha akawaambia waliokuwa upande wa kitasa, "Sogeeni," nao wakasogea. Mwanawe mdogo akampandia magotini. Bi. Sikitu alichota kutoka chini kabisa ya sufuria.

Daktari Profesa Mhandisi Kabambe alibaki nje juani. Alikuwa na hasira, na pia, kwa kuwa hakuwa amekula tangu asubuhi na upepo ulikuwa umegeukia kwake, alikuwa na njaa. Alitaka sana kuingia. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, hawezi kuingia nyumba ya watu hivi hivi. Wapiga picha walimwona akinyanyua mkono uliokunjwa ngumi, akiupeleka kulia, akiupeleka kushoto, akitafuta pa kubishia hodi.